Ubao wa mvule wa marehemu mzee nimekosea kuukata. Nisaidieni kabla sijatia gundi

Maranda_Kisumu (mwenye uzi)

Mulembe wote. Uzi huu ni mrefu, aliye na chai aimimine kwanza.

Mimi si seremala. Mchana nakaa ofisini mbele ya kompyuta. Jioni nikifika nyumbani Mamboleo nasogeza baiskeli za watoto, natoa benchi verandani, na majirani wanajua kelele itakwisha saa mbili. Mpaka leo nimetengeneza stuli mbili, rafu ya viatu, na kitanda ambacho mke wangu amekibatiza "feri" kwa jinsi kinavyoyumba. Sasa nimejiingiza mahali ambapo sikupaswa kuingia peke yangu.

Seremala alikuwa baba, kule kwetu Butere. Kibandani mwake kulikuwa na vitu viwili visivyoazimwa: randa ndefu ya chuma na redio. Redio yenyewe ilikuwa ya zile za sanduku la mbao, kitambaa cha rangi ya kahawa mbele, kifundo kikubwa upande wa kulia. Ukiwa nje ungejua kinachopigwa kwa kusikia randa tu. Rumba ikiingia, mzee alikuwa akivuta mkono mrefu, polepole, na maranda yanatoka kama utepe wa zawadi. Benga ikianza anaacha randa anachukua msasa. Kipindi cha salamu kilikuwa cha patasi, maana mtu anaweza kutoboa tundu huku akisikiliza majina ya watu: fulani akiwa Shianda, awafikie fulani na fulani popote walipo. Yeye mwenyewe alikuwa na kadi zake za salamu, kazitia kwenye mkebe wa misumari. Mteja akikawia kulipa, alikuwa anamtumia salamu redioni. Nasikia wengi walikuja na pesa kabla ya wiki kuisha.

Kilichosimamisha randa kabisa kilikuwa kimoja: matangazo ya vifo. Hapo aliweka mikono yote miwili juu ya ubao na kuinamisha kichwa mpaka jina la mwisho lisomwe.

Baba alifariki 2014. Desemba iliyopita tulikuwa tunaezeka upya jiko la mama, tukashusha ubao uliokuwa darini tangu mimi niko kidato cha pili. Mweusi kwa masizi, futi 7, upana inchi 14, unene inchi 1 kamili. Kaka akaukwaruza kwa kisu, ndani mvule wa rangi ya asali. Mama akatazama akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Huo alikuwa ameuweka wa jeneza lake."

Jamani. Sisi mzee tulimzika kwenye jeneza la kununua karibu na mochari, vanishi hata haijakauka vizuri, na ubao wake uko juu ya jiko unatutazama. Najua ubao mmoja hautoshi jeneza. Nafikiri alikuwa ameanza na kifuniko.

Ile redio nayo, dumuzi wamelila sanduku lake lote. Ukiligusa linamwaga unga. Kilichobaki ni spika, bodi, na kile kioo cha namba. Mama ameviweka kwenye stuli amevifunika na karatasi ya nailoni. Nilimwambia nitamnunulia redio mpya, akaniambia redio anayo, isichokuwa nacho ni nyumba.

Basi nikaamua ubao huo uwe nyumba. Niliuleta Kisumu kwa Probox, ukapita katikati ya viti, na dereva akanilipisha nauli ya mtu mzima. Mpaka tunafika Maseno, mama mmoja mwenye kuku alikuwa ameniuliza mara mbili, kwa sauti ya chini, "Ni wa nani?"

Sasa kosa langu. Mpango ulikuwa hivi: kifuniko na sakafu inchi 22 kila kimoja, mbavu mbili inchi 12 kila moja. Jumla 68. Ubao una inchi 84, ila mwisho mmoja umepasuka inchi 9, kwa hivyo nilikuwa na 75 za kutumia. Jumamosi nimeshauranda, umebaki robo tatu ya inchi, umenyooka, najisikia fundi. Nikachora alama mbili, ya 22 kwa upana wa nje na ya 20 na nusu kwa upana wa ndani, ili nisisahau. Rumba iko kwenye simu. Nikashika msumeno, sebene ikaingia, mkono ukaanza kwenda na gitaa, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimekata kwenye alama ya 20 na nusu.

Inchi moja na nusu. Sebene imenikatia ubao wa baba.

Nimesimama hapo hapo, vipande vingine sijavigusa. Zilizobaki nzima ni inchi 54 na nusu. Nina maswali matatu. Nifanye nini na kifuniko kilichopungua? Nyuma ya sanduku niache wazi kama lilivyokuwa la zamani au nizibe? Na la tatu, dada yangu anasema ubao wa jeneza hautengenezwi kitu cha kuweka sebuleni. Nyinyi mnasemaje?

---

KijanaWaKondele

Redio ya jeneza. Siku ikisoma tangazo la kifo mimi natokea dirishani.

---

MamaWatatu_Nakuru

Wewe wa Kondele acha, mwenzio anauliza ya maana.

Maranda, pole kwa mzee wenu. La inchi moja na nusu sitaligusa, wako wanaojua hesabu kunizidi. Ninachotaka kukuambia ni usiukimbize huo ubao. Umekaa miaka juu ya moto, umekauka kama biskuti. Sasa umeuleta kando ya ziwa, na mvua za Machi zinakuja. Utakunywa unyevu na kuvimba kwa upana. Uuache ndani ya nyumba wiki tatu hivi, uulaze juu ya vijiti upate hewa pande zote, ndipo ukate tena.

Hili nimejifunza kwa machozi. Hapa Nakuru tuko karibu na mbao za Molo na Elburgon, mtu anafikiri tunazipata kama mahindi. Lakini tangu ile marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali 2018, bei ilipanda tukaanza kununua chochote kilichopatikana, kibichi hivyo hivyo. Hata baada ya tangazo la 2023 la kuiondoa, yadi nyingi bado zinakuuzia saiprasi iliyoangushwa juzi. Mimi nilitengenezea watoto wangu dabo deka ya mbao za namna hiyo. Siku naimaliza ilikuwa imenyooka kama askari. Baada ya miezi miwili mguu mmoja ulikuwa umejipinda kama unataka kuondoka. Misumari ikalegea, na mtoto wa juu akigeuka kitanda kinalia. Binti yangu wa kwanza yuko kwaya ya shule, ameniambia kitanda kinaimba sauti ya pili, na si uongo, nimemsikia akijifunzia nacho.

Sasa nafanya hivi. Nikinunua mbao nakata kipande cha 2 kwa 4, urefu wa futi moja, napeleka kwa jirani mwenye duka nakipima kwenye mizani ya sukari. Cha mwisho kilianza na kilo 1 na gramu 180. Kila Jumamosi narudi nacho, jirani ameshazoea, ananiuliza "mgonjwa anaendeleaje?" Kikafika gramu 790, na wiki mbili mfululizo kikakataa kushuka. Hapo ndipo natoa msumeno. Hakuna mashine, hakuna kubahatisha.

La jeneza nitarudi kulisema, maharagwe yanaungua.

---

Seremala_Mstaafu

Kijana, makiwa. Nimefanya kazi ya mbao hapa Kakamega tangu kabla ya wengi wenu kuzaliwa, na nakwambia keti uhesabu tena.

Ulipanga kifuniko kikae juu ya mbavu. Ni nani aliyekwambia lazima kikae juu? Kiweke katikati yao. Mbao zako zina robo tatu ya inchi. Robo tatu huku, robo tatu kule. Ongeza kwenye 20 na nusu uniambie umepata ngapi.

Sakafu nayo uikate 20 na nusu. Mbavu, ambazo ulitaka ziwe 12, uzikate 13 na nusu ili nafasi ya ndani isipungue. Jumla ni inchi 68, zile zile ulizopanga. Sebene haikukukosesha kitu, ilikuwa inakuonyesha njia.

Hasara yake ni moja. Ukitazama kwa juu utaona vichwa vya zile mbavu kwenye kona mbili. Usivifiche kwa puti. Vipige msasa mpaka vilainike kama kucha, mafuta yataingia zaidi pale na rangi itakoza. Inapendeza.

Mambo mengine uliyokuwa hujauliza:

Vipande vyote vinne vikatwe kwa kufuatana kutoka kwenye ubao huo mmoja, nyuzi zote za mbao zizunguke sanduku kama mkanda kiunoni. Hapo unyevu ukija vitavimba vyote pamoja, kuelekea mbele na nyuma, na kona hazitagombana. Kinachopasua masanduku ni mtu kugongomea kipande kwa ndani kukata nyuzi, kila mwisho msumari. Ubao unataka kusogea, kile kipande kinaukatalia, mwishowe ubao unajipasua. Ukihitaji taruma ya kushikilia bodi ya redio, tundu la skrubu moja liwe duara, la pili lifanye refu kama tundu la kifungo, ili skrubu iteleze. Uso wa mbele na wa nyuma tumia plaiwudi, hiyo haisogei.

Mvule una mawe. Sisemi mithali. Ndani yake huwa na vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo mti wenyewe huviweka, mara nyingi palipo na jeraha. Randa ikikutana nacho utaona cheche na makali yatapata pengo. Ukiona doa jeupe gumu, lichokonoe kwa msumari kwanza.

Na uvae barakoa. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua. Nimemwona kijana wangu wa kazi akivimba macho kama aliyeumwa na nyuki.

---

KijanaWaKondele

22!!! Imetoka 22! Huyu mzee apewe kaunti.

---

Maranda_Kisumu

Mzee wangu, nimesoma jibu lako nikiwa kwenye foleni ya benki na nikacheka peke yangu mpaka askari akanitazama. Nilikuwa nimeshapanga kuunganisha kipande cha saiprasi pembeni nikipake rangi. Asante sana.

Nimelaza ubao kwenye vijiti sebuleni kama alivyosema mama wa Nakuru. Watoto wanauruka wakienda kulala.

---

NyatitiNane

Omera, mimi niko Siaya, napiga nyatiti kwenye matanga na harusi, useremala wangu ni ule wa kuchonga tu. Nijibu lile la nyuma wazi au nyuma kuzibwa.

Acha wazi. Spika za redio za zamani zilitengenezwa nyepesi, karatasi yake laini, zimezoea kupumua nyuma. Ukizifungia kwenye sanduku dogo lisilo na hewa ni kama kumwambia mzee aimbe akiwa amefunikwa blanketi. Weka plaiwudi nyembamba yenye matundu, ya kuzuia panya tu.

Lakini usidharau sanduku lenyewe. Nyatiti yangu ina nyuzi nane, zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi natia nailoni ya wavuvi. Mwili wake ni gogo moja lililochongwa likawa bakuli, likavikwa ngozi. Mguuni navaa pete ya chuma kwenye kidole gumba, naigonga kwenye mti wa chombo, ndiyo ngoma yangu. Kwa hivyo najua mti unaimba. Kabla sijachonga nagonga gogo kwa kifundo cha kidole na kuweka sikio upande wa pili. Likijibu "ko" kavu, nachukua. Likijibu kama anayezungumza na chakula mdomoni, naliacha liwe kuni. Gonga huo mvule wako uniambie.

---

Fizikia_Webuye

Kwa heshima, NyatitiNane, ukiacha nyuma wazi besi inapotea. Mawimbi ya nyuma ya spika yanazunguka na kukutana na ya mbele, moja inasukuma na nyingine inavuta, zile nzito zinafutana. Ziba nyuma, jaza sufi ya mito ndani, sauti itajaa. Wufa nyingi za matatu zimezibwa, au si kweli?

---

NyatitiNane

Mwalimu, mama yake Maranda hajengi matatu.

---

Fizikia_Webuye

Hapo umenipata. Lakini ajaribu kwanza kwa katoni, haitamgharimu kitu.

---

DadaWaVihiga

Nimekuja kwa ajili ya swali la tatu, haya mengine ya inchi yananipita.

Kwetu kukhu yangu, yaani bibi, aliweka sufuria ya matanga yake mwenyewe. Ndiyo, sufuria kubwa, akasema hiyo ndiyo itakayopikia watu siku yake. Ikaazimwa na kila boma kwa miaka mingi, ikapikia arusi, ikapikia wanafunzi, ikatoboka. Siku yake ilipofika tukakodi nyingine. Hakuna aliyeona ajabu, na nafikiri yeye mwenyewe angechukizwa zaidi kama sufuria ingekaa bure kumngoja.

Maranda, umemuuliza mama? Tunajadili ubao wa mume wake na hatujamsikia.

---

MamaWatatu_Nakuru

Nimerudi, maharagwe yamepona. DadaWaVihiga amesema nililotaka kusema. Piga simu.

---

Maranda_Kisumu

Nimepiga. Niwaandikie kama alivyosema, maana bado sijui nicheke au nifanyeje.

Nikamwambia, "Mama, ule ubao wa jeneza la baba, watu wengine wanaona si vizuri kuufanya sanduku la redio." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Jeneza gani?" Nikamkumbusha maneno yake ya Desemba. Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe hivi. Baba alipoununua ule ubao, khotsa wangu, yaani kaka yake mama, aliuona akautaka afanyie mlango wa choo. Akaja mara ya kwanza, mara ya pili. Baba hakutaka kumkatalia shemeji yake, si unajua heshima ya upande ule. Basi akamwambia ameuweka wa jeneza lake. Khotsa akarudi nyuma hatua mbili na hakuutaja tena. Mama akaniambia, "Ni nani anayeazima ubao wa jeneza?" Tangu siku hiyo kila aliyeuliza aliambiwa hivyo, mpaka nyumba nzima ikazoea kuuita hivyo, na yeye mwenyewe Desemba alisema jina lake tu, kama mtu anavyosema "shamba la mto".

Nikamuuliza, sasa alikuwa ameuweka wa nini? Akasema hajui. Alikuwa akiushusha mara moja moja, anaupangusa, anaugonga, anaurudisha. Labda hakupata kazi ya kuutosha. Au labda jeneza lilikuwa kweli na uongo ulikuwa ule wa kumcheka khotsa. Kwa baba huwezi kujua.

Dada yangu nimemwambia. Amesema sawa, ila khotsa asialikwe siku ya kuuzindua.

NyatitiNane, nimeugonga. "Ko" kavu kabisa.

---

KijanaWaKondele

Mlango wa choo cha mvule. Khotsa alikuwa na maono.

---

Maranda_Kisumu

Wiki nne baadaye. Najua kuna wanaongoja.

Ubao ulipumzika wiki tatu na kweli upana uliongezeka, kama unene wa kadi ya simu, nilikuwa nimeweka alama sakafuni. Nikakata. Mara hii simu niliiacha jikoni.

Jiwe nilikutana nalo kwenye ubavu wa kushoto. Mzee wa Kakamega alinionya, nami nikaona doa jeupe, nikasema hilo ni rangi tu. Randa ikafanya "kri" na nikahisi kwenye meno yangu. Hiyo ni randa ya baba, sasa ina pengo kwenye makali saizi ya punje ya mtama. Ilinichukua jioni mbili kwenye jiwe la kunolea kuliondoa, na nikiwa nanoa nikaona upande wa pili wa ule ubapa kuna dalili ya pengo la zamani lililonolewa mpaka likakaribia kuisha. Mahali pale pale. Sijui yeye alikutana na jiwe gani, la mti gani.

Klampu sina, niko na mbili tu na moja imepinda. Nimetumia blada, ile mipira ya tyubu wanayofungia mizigo kwenye bodaboda. Unazungusha sanduku lote mara nne tano ukivuta kwa nguvu zako zote, inabana kona zote kwa pamoja na inajirekebisha yenyewe. Weka karatasi ya nailoni chini yake, la sivyo inashikana na gundi na inaacha alama nyeusi. (Niliweka baada ya kuacha alama ya kwanza.) Skrubu sikutia. Kila kona nimetoboa matundu matano nikaingiza vijiti vya mishikaki vilivyopakwa gundi, nikavikata na kuvilainisha. Vinaonekana kama nukta ndogo za rangi ya siagi.

Bodi ya zamani ilikuwa imekufa. Fundi wa redio alijaribu, akaniambia inahitaji maombi. Spika lakini ni nzima isipokuwa mpasuko mdogo kwenye karatasi, akauziba kwa tishu na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Ndani nimeweka bodi ndogo ya redio na blututhu, shilingi 650. Kifundo kikubwa cha kulia nimekiunganisha kiongeze na kupunguza sauti. Kioo cha namba kimerudi mahali pake na taa ndogo nyuma, ingawa mshale hauendi popote.

Jaribio la katoni: nilifunga nyuma, nikafungua, nikafunga, familia ikiwa imekaa kama baraza la shule. Fizikia_Webuye, kwa rumba ya simu ulishinda, gitaa la besi lilijaa kweli. Lakini mtangazaji alipozungumza, nyuma ikiwa imezibwa alikuwa kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi. Ikiwa wazi alikuwa chumbani. Mama anasikiliza watu wakizungumza kuliko muziki. Nimeacha wazi.

Jambo la mwisho. Juzi nilikuwa napiga randa ya mwisho kwenye kifuniko, simu iko ndani ya nyumba inalia wimbo wa mtoto sijui upi. Jirani yangu wa ukuta wa pili, mzee wa makamo, Mjaluo, hatuongei sana zaidi ya habari ya asubuhi, akaniita, "Jirani, leo randa imebadilika. Siku zingine huwa unavuta ndefu." Sikuwahi kujua kuna anayesikiliza.

Ile inchi 9 iliyopasuka nimempa binti yangu. Shuleni wameambiwa watengeneze ala ya muziki. Ametia nyuzi tatu za nailoni ya kuvulia, anaiita nyatiti. Inalia kama kuku anayetaka kutaga, na mwalimu amempa alama nzuri.

---

NyatitiNane

Mwambie abakishe nafasi ya nyuzi tano, nitamletea nikija Kisumu.

---

Seremala_Mstaafu

Kazi safi. Mishikaki nimekubali, mimi nilikuwa nachonga vijiti vyangu kwa kisu kimoja kimoja. Umepaka nini?

---

Maranda_Kisumu

Vanishi niliogopa mzee, nikikumbuka ile ya jeneza. Nimepaka mafuta ya kitani mara tatu, yaliyochemshwa, kila mara nangoja siku mbili na kupangusa yanayobaki. Vitambaa nilivyotumia nilivianika wazi kwenye kamba, nimesoma kwamba vikikunjwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Rangi ilikuwa ya asali, sasa inaanza kuelekea kahawa. Vichwa vya mbavu vimekoza kama ulivyosema.

Jumamosi tunaipeleka Butere.

---

MamaWatatu_Nakuru

Tunataka kusikia mama amesema nini. Picha ya maneno, usitufiche.

---

Maranda_Kisumu

Haya, tumerudi jana usiku.

Nimeiweka mezani sebuleni. Mama amekuja akipangusa mikono kwa leso. Hakusema kitu. Ameigonga juu kwa kifundo cha kidole, ko ko, halafu upande, halafu akainama akachungulia nyuma kama mtu anayetafuta yai. Nikawasha. Kulikuwa na mazungumzo ya bei ya miwa. Ameketi, amesikiliza mpaka mwisho, na mimi nimesimama pale kama mtoto wa shule mwenye daftari. Akasema, "Sauti yake imerudi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikaenda kula. Niliporudi sebuleni sikuiona redio. Nimeangaza huku na huku. Mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa, kile cha kufuma kwa sindano, kikubwa, kinachoanguka mpaka chini pande zote nne, na juu yake ameweka chombo cha maua ya plastiki.

Vichwa vya mbavu, nukta za mishikaki, mafuta mara tatu. Hakuna kinachoonekana ila kifundo.

---

KijanaWaKondele

😂😂😂 Kitambaa ni cha rangi gani?

---

Maranda_Kisumu

Cheupe. Kina tausi wawili.

---

Seremala_Mstaafu

Hata meza zangu zote kwangu ziko chini ya tausi. Karibu kwenye kazi.